Halima na Kijiti Kilichopinda

Mkuu wa karakana ameniomba niandike kitu kwa ajili yenu mliobaki, na akaniambia nisizidishe. Nilipomuuliza nisizidishe nini, alijibu, "Wewe andika tu." Basi ninaandika nikiwa kwangu hapa mtaa wa Tena, jirani wa juu anaburuta viti kama kawaida yake, na hakuna bunduki ya mtu inayonisubiri. Ni hali ngeni. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamka, nikavaa, nikakaza skrubu zote za milango na madirisha, kisha nikakaa chini nikiwa sijui la kufanya. Hata chai ilikuwa haijaiva.

Vyeo nitaviruka. Mnavijua, na msivyovijua havikuwa vingi.

Siku yangu ya kwanza, askari wa langoni alinielekeza jikoni. Nilimwambia mimi ni fundi, nimetumwa karakana ya silaha. Akasema jikoni pia wanahitaji fundi, jiko limeharibika. Nikaenda, nikalitengeneza, wapishi wakanipa uji, na nilipofika karakana nilikuwa nimechelewa. Sajenti Wambua, aliyekuwa msimamizi, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito, na hakupenda watu wanaochelewa. Hakuniuliza jina wala cheti.

"Unajua kushona?" akaniuliza.

Nilichukulia ni tusi kwa sababu mimi ni mwanamke. Nikamjibu kwamba hapana, sikusomea ufundi wa mitambo ili nije kushona.

"Pole," akasema, na kweli alionekana amesikitika. "Mikanda yote ya timu imekatika. Nilikuwa nimeomba mtu anayejua kushona."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, nikiwa nimemwangusha mtu kabla sijashika bisibisi.

Wengi wenu mmekuja wakati karakana inahudumia silaha za doria tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Miaka ile kikosi chetu kilikuwa na timu ya shabaha ya masafa marefu, iliyoshindana na vikosi vingine kila mwaka. Bunduki walizotumia zilikuwa za aina inayojipakia yenyewe: unavuta triga, risasi moja inatoka, ganda linatupwa nje, na risasi nyingine inaingia mahali pake. Kwa doria ni silaha nzuri. Kwa kulenga karatasi iliyo mbali hata huwezi kumtambua mtu aliyesimama kando yake, inahitaji kubembelezwa. Ina vyuma vingi vinavyokimbia ndani yake kila inapolia, na kila chuma kinachokimbia kinataka kurudi mahali tofauti. Kazi yetu ilikuwa kuvishawishi virudi pale pale.

Sajenti Wambua alikuwa na sheria moja, na aliisema kila asubuhi kama sala: badilisha kitu kimoja, kisha piga. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuharibia. Nilimwona akimfukuza kijana mmoja kutoka karakana kwa siku nzima kwa sababu alikaza skrubu za kitako cha bunduki na kubadilisha springi ya triga kwa wakati mmoja. Bunduki ile ilianza kupiga vizuri sana. Wambua alilegeza kila kitu, akaanza upya.

"Imepona, Afande," kijana akalalamika.

"Imepona nini?" Wambua akamuuliza.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya konstebo mmoja wa timu, mtu wa Vihiga, mpole, mwimbaji wa kwaya. Bunduki yake ilianza kupiga juu, na kadiri ilivyopata moto ndivyo risasi zilivyozidi kupanda. Nilisafisha mtutu, nikakagua mdomo wake kwa lenzi, nikabadilisha aina ya risasi, nikapima triga. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe nilifungua kile kishikio cha mbele kinachouzunguka mtutu, na ndani nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa ratiba ya mazoezi ya kwaya. Konstebo alieleza kwamba kishikio kilikuwa kikigongagonga na kumkosesha utulivu, akaamua kukibana. Hakujua kwamba mtutu wa bunduki ya shabaha hautakiwi kuguswa na kitu chochote mbele ya pale ulipofungwa. Ukiuegemeza upande mmoja, hata kwa karatasi, unapopata moto unasukumwa kwenda upande wa pili. Nilimrudishia ratiba yake. Aliniuliza kama naweza kuiacha mpaka mashindano yaishe, maana alikuwa ameshazoea kulenga chini kidogo.

Nawaambia hayo ili mjue kwamba bunduki haina wazimu. Ikifanya jambo la ajabu, kuna mtu au kitu kinachoisukuma. Niliamini hivyo miaka mingi, na sehemu kubwa ya imani hiyo ilikuwa sawa.

Wambua alistaafu akaenda kwao Machakos kufuga mbuzi, na mimi nikabaki na karakana. Alinipigia simu mara nyingi kuuliza habari za bunduki fulani fulani, kwa namba zao, kama mtu anayeulizia wajukuu.

Halima alikuja baada ya hapo. Alikuwa konstebo mchanga, amezaliwa na kulelewa Eastleigh, wazazi wake wakiwa watu wa Isiolo. Wakati huo alikuwa akiishi na mama yake mtaa wa Tassia. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache akiwa kazini na mengi sana akiwa nje ya kazi. Inspekta Chelimo, aliyekuwa kiongozi wa timu, alimwona kwenye mafunzo ya kawaida, akaniletea karatasi yake ya shabaha. Matundu yote yalikuwa yamekaa pamoja kama yametobolewa na mtu mwenye msumari. Akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia naona karatasi moja haitoshi kwa kazi.

Nilimtengenezea Halima bunduki yake kwa muda wa mwezi mzima. Triga yake ilikuwa na mkwaruzo kabla ya kuachia. Nikaisugua kwa jiwe la mafuta, kidogo kidogo, mpaka ikaachia kama kijiti cha barafu kinachovunjika, wala haikuwa nyepesi kupita kiasi, maana triga nyepesi mno ni hatari na kanuni zinaikataza. Nikahakikisha mtutu haugusani na kitu. Nikapunguza gesi inayosukuma vyuma nyuma, ili visirudi kwa fujo. Nikajaribu aina tatu za risasi mpaka bunduki ikachagua moja. Kwa misimu miwili Halima alikuwa mpigaji bora wa timu. Inspekta Chelimo, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema siku moja, "Huyu hana shida." Tulimwona Inspekta amechangamka.

Msimu wa tatu, Halima aliingia karakana akaweka bunduki mezani.

"Afande, kijiti cha mbele kimepinda."

Timu yetu haikuruhusiwa kufunga darubini kwenye bunduki. Walilenga kwa macho yao, wakitazama kupitia tundu dogo la nyuma na kukiweka kile kijiti cha mbele chini ya doa jeusi la shabaha. Kijiti kikipinda hata unene wa unywele, kule mbali ni kukosa kabisa. Nilikipima. Kilikuwa kimenyooka. Nikampa arudi nayo.

Baada ya wiki akarudi. "Kimepinda tena."

Nikakipima mbele yake. Kimenyooka. Hata hivyo nikakibadilisha, kwa sababu mpigaji akiamini kitu kimepinda, kimepinda. Kijiti kipya kilimridhisha kwa siku chache, kisha kikapinda nacho. Matundu kwenye karatasi yake yakaanza kutawanyika, hasa kwenye umbali mrefu kabisa. Nilibadilisha kijiti mara ya tatu. Nikafungua bunduki yote na kuikagua kipande baada ya kipande. Nikaenda nayo mwenyewe uwanja wa shabaha, nikailaza juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga. Mimi si mpigaji wa kujivunia, lakini matundu yalikaa pamoja vizuri kuliko nilivyostahili.

Nilidhani basi anashtuka, kwamba anafumba macho kabla risasi haijalia. Hutokea hata kwa wazoefu. Nikamchanganyia risasi bandia katikati ya zile za kweli bila kumwambia, ili nione kama bunduki itatikisika anapovuta triga na kusiwe na mlio. Haikutikisika. Alikuwa ametulia kama jiwe. Aligeuka tu, akaniangalia.

"Afande, umeniwekea ya uongo."

"Nimekuwekea."

"Sasa?"

"Sasa hakuna kitu. Hushtuki."

"Nilikuambia ni kijiti," akasema.

Inspekta Chelimo aliniita. Alikuwa mtu wa haki, jambo lililofanya iwe vigumu kumchukia. Aliniuliza kama tatizo ni bunduki au ni mtu. Nilimwambia bunduki ni nzima. Akasema kuna konstebo mwingine anasubiri nafasi, na kwamba mashindano hayangemsubiri Halima apone kitu ambacho hakina jina. Nikamwomba anipe muda kidogo. Akaniuliza muda wa kufanya nini. Nikasema sijui. Akaniambia angalau ninasema ukweli.

Siku ya Idi, mama yake Halima aliniita kwao Tassia. Alikuwa muuza vitambaa Eastleigh, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na kila alichopika alipika kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuwepo. Walikaa ghorofa ya sita, na kwa sababu lifti ya jengo lile ilikuwa bado ni shimo lenye mbao mlangoni, nilifika juu nikiwa nimepungukiwa na pumzi na heshima.

"Mama Brayo, kaa hapa, kula," mama akasema, akinipa sambusa na chai ya maziwa yenye tangawizi. Brayo ni mwanangu wa kwanza. Alishakuwa mtu mzima wakati huo, lakini jina halistaafu.

Tulikaa karibu na dirisha. Nje, upande wa Kware, maghorofa yalikuwa yamesimama bega kwa bega, nguo zimeanikwa kila baraza, matangi meusi ya maji juu ya kila paa. Halima alikuwa amepumzika, ameketi na kikombe chake, anazungumza bila kukoma. Alituhadithia habari za mwalimu wake wa zamani, za bei ya nyanya, za mwenye nyumba. Kisha akaonyesha nje kwa kidole.

"Ona hiyo ghorofa ya kijani. Aliyeijenga alikuwa amelewa. Mama, kila siku nakuonyesha, unasema iko sawa."

"Iko sawa," mama akasema.

Nikaangalia. Huko kwetu mtu akisema ghorofa imepinda, humbishii haraka. Kuna nyingi zilizopinda kweli, na watu wanaishi ndani na kulipa kodi. Niliitazama ile ya kijani kwa makini, kama ninavyotazama mtutu, nikaifuata kona yake kutoka chini mpaka juu. Ilikuwa imejengwa vibaya, rangi imebambuka, lakini kona ilikuwa imenyooka.

"Imepinda wapi?" nikamuuliza.

"Hapo katikati. Kona inaingia ndani kidogo halafu inatoka."

"Na hii fremu ya dirisha?"

Akaitazama. "Nayo pia, ukiitazama sana."

Niliweka kikombe chini. "Fumba jicho la kulia."

"Kwa nini?"

"Fumba tu, Halima."

Akafumba. Akatazama ghorofa kwa jicho la kushoto. Niliona usoni mwake kwamba kona imenyooka, kabla hajasema neno. Kisha akafumba la kushoto, akatazama kwa lile la kulia, ambalo ndilo alilolengea maisha yake yote ya kazi. Akarudia. Mama yake alikuwa anaendelea kueleza jinsi ya kukanda unga wa sambusa, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

"Si kijiti," Halima akasema.

"La."

Halima hakutaka kwenda hospitali, na sababu yake ilikuwa moja tu: daktari wa macho angeandika, na kikosi kingejua. Aliniambia hivyo ngazini tulipokuwa tukishuka. Alinishika mkono.

"Mama Brayo, nakuomba. Wakijua wataninyang'anya bunduki. Nitabaki kukaa dawati la mapokezi, naandika watu waliopotelewa na vitambulisho. Mimi sijui kazi nyingine. Nyamaza tu mpaka mashindano yaishe."

Nataka mjue kwamba nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kuanzia ghorofa ya sita mpaka ya tatu. Nilimpenda msichana yule kama mtu wa nyumbani. Lakini hakuwa wa uwanja wa shabaha peke yake. Kila wiki alikuwa anapewa bunduki na kupelekwa barabarani, kati ya watu, na mbele ya jicho lake kulikuwa na kitu kinachopinda kona za maghorofa. Karatasi ukiikosa, unaweka nyingine.

"Utaenda mwenyewe kwa Inspekta," nikamwambia. "Jumatatu. Nitakuja nawe ukitaka. Usipoenda, nitaenda mimi."

Aliachia mkono wangu. "Kumbe," akasema. Alirudi juu, na mimi nikashuka ngazi zilizobaki. Ilikuwa rahisi kuliko kupanda. Sikuona raha yake.

Jumatatu alienda. Hakutaka niende naye. Inspekta Chelimo alimsikiliza, akamwondoa kwenye timu na kwenye doria siku hiyo hiyo, na akampeleka kwa daktari kwa gari lake mwenyewe, jambo ambalo hakulisema kwa mtu na mimi nililijua kwa dereva wake. Daktari akakuta kovu nyuma ya jicho la kulia, mahali pale pa kuonea katikati, la ugonjwa wa zamani ambao hakuna aliyejua kama aliwahi kuugua. Alisema kovu lile halingeondoka, hata kwa miwani. Jicho la kushoto lilikuwa zima kabisa.

Halima alipelekwa dawati la mapokezi. Alikuwa sahihi: aliandika watu waliopotelewa na vitambulisho. Nilipita pale kila asubuhi, nikamsalimu, naye akaniitikia kama anavyomwitikia mtu aliyekuja kuripoti. "Habari ya asubuhi, Afande." Nilijaribu kumpelekea mandazi. Alishukuru, akawagawia wenzake.

Nilirudi karakana. Bunduki yake ilikuwa bado imelala kwenye rafu. Sikuwa na kazi nayo, lakini sikuweza kuiangalia ikikaa bure, na kilichonisumbua kilikuwa swali la kiufundi, au nilijidanganya hivyo. Kama mtu ana jicho zima la kushoto, kwa nini asipige kwa kushoto?

Nitawaambia kwa nini. Bunduki inayojipakia yenyewe imetengenezwa na watu waliodhani kila mtu ni wa kulia. Inatupa maganda ya risasi upande wa kulia. Ukiilaza kwenye bega la kushoto, uso wako unakuwa umekaa pale pale yanapopitia. Ganda linatoka likiwa na moto, linakuja shavuni au linaingia kwenye kola. Moshi unakuja machoni, yaani kwenye jicho lenyewe unalolitegemea. Kitako kimeinama kwa faida ya shavu la upande wa pili. Mtu anaweza kupiga hivyo akiwa amelazimika, lakini hawezi kutulia, na masafa marefu ni kutulia.

Nilimpigia simu Mzee Wambua kule Machakos. Nilimweleza. Nyuma yake nikasikia mbuzi.

"Inatupa kwa nguvu?" akauliza.

"Kwa nguvu sana."

"Kwanza punguza hiyo nguvu. Ganda lianguke, lisirushwe. Halafu mjengee ukuta."

"Ukuta wa nini?"

"Ukuta! Nyuma ya pale linapotokea. Ligonge ukuta, liende mbele. Wewe, hata mbuzi anajua." Kisha akauliza huyo mpigaji ni wa kikosi kipi. Nikamwambia ni wa kwetu, ila kwa sasa hazungumzi nami. "Basi usimngoje azungumze," akasema, na simu ikakatika. Salio langu lilikuwa linaisha kila mara kwenye neno zuri.

Nilifanya kama alivyosema, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikapunguza gesi tena mpaka maganda yakaanguka karibu badala ya kuruka, ila nikaacha ya kutosha ili bunduki isikwame. Nikatengeneza kipande kidogo cha chuma, nikakipinda, nikakifunga nyuma ya tundu la kutokea maganda. Cha kwanza kilikuwa kifupi, nikakijua kwa alama niliyo nayo bado shingoni. Cha pili kilisukuma maganda mbele vizuri. Fundi viatu wa sokoni Umoja alinishonea ngozi ya kukifunika, ili ganda lisigonge chuma kwa chuma. Aliniuliza ni kiatu cha aina gani. Nilimwambia ni cha mguu wa kushoto. Nikachonga kitako upya ili shavu likae upande wa pili, na nikahamisha ndoano ya mkanda. Inspekta Chelimo aliingia mara moja, akaangalia kile kitako, akasema, "Sajenti, hatuna mpigaji wa kushoto." Nikasema, "Ndiyo, Afande." Akatoka. Siku iliyofuata ruhusa ya kufanyia majaribio bunduki ile ilikuwa mezani kwangu, na sahihi yake chini.

Halima alikuja karakana baada ya wiki kadhaa, kuleta ripoti kutoka ofisini. Alikuwa anageuka kuondoka alipoiona.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtu wa kushoto."

"Hatuna mtu wa kushoto."

"Wote mnaniambia hivyo."

Aliishika. Aliinua mpaka bega la kulia, kwa mazoea, ikakataa kukaa. Akaihamisha kwenye bega la kushoto. Akaweka shavu. Akakaa hivyo, akilenga ukuta wa karakana ambako kuna kalenda, na mimi nikaendelea kusafisha springi ambayo ilikuwa safi.

"Kijiti kimenyooka," akasema.

Bodi ya madaktari wa kikosi iliamua kwamba asirudi doria na silaha. Hilo halikubadilika, na sitawadanganya kwamba lilibadilika. Alilia, na mimi nilijua kwamba sehemu ya machozi yale ilikuwa yangu kubeba. Lakini walimruhusu uwanja wa shabaha, chini ya usimamizi. Akaanza upya kama kuruta. Kidole cha kushoto hakikujua triga. Mkono wa kulia haukujua kushikilia. Alikosa karatasi nzima. Alitukana kwa Kiborana, nami nikajifunza maneno matatu ambayo mama yake baadaye alinikataza kuyatumia. Wavulana wa timu walimtania. "Niaje, Lefty!" wakasema, yaani mtu wa kushoto, naye akawajibu kwa yale maneno matatu. Tulikwenda kila jioni aliyopewa nafasi, yeye kwenye mkeka, mimi nyuma yake nikihesabu ni maganda mangapi yameenda mbele na mangapi yamerudi. Siku ya kwanza ambayo hakuna lililorudi, aligeuka akaniambia, "Mama Brayo, una njaa?" Tukala chipsi pamoja barabarani. Hatukuzungumza habari ya zile ngazi, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Inspekta Chelimo hakumpa nafasi kwa huruma. Aliwashindanisha, yeye na yule konstebo aliyengoja, kwa haki ile ile iliyonikera, na Halima akamshinda kwa kiasi kidogo. Yule konstebo akawa wa akiba, na ndiye aliyembebea mkeka.

Siku ya mashindano kulikuwa na upepo unaobadilika badilika, ukipeperusha bendera nyekundu upande huu na ule. Katika umbali mfupi Halima alikuwa wa katikati tu. Vikosi vingine vilimwangalia kwa udadisi, na mwamuzi mmoja alikuja kupima kile kipande changu cha chuma na ngozi, akakizungusha, akaniuliza kinaitwaje. Nikasema ukuta. Akaandika "ukuta", akaruhusu.

Umbali mrefu ulikuwa wa mwisho. Alilala chini. Alingoja upepo, akapiga, akangoja. Mimi sikuangalia shabaha. Nilitazama maganda. Moja baada ya jingine yaligonga ngozi, yakaanguka mbele yake kwenye nyasi, taratibu, kama yanavyotakiwa. La mwisho lilipoanguka niliinua macho. Kule mbali watu wa shimoni, wale wa kushusha na kupandisha shabaha, walikuwa wanapandisha karatasi yake, na Inspekta Chelimo alikuwa na darubini yake machoni. Aliitazama muda mrefu. Kisha akanipa mimi darubini, akaenda kusimama peke yake kando ya gari.

Timu yetu ilikuwa ya pili. Kwenye umbali ule, siku ile, hakuna aliyepiga kama Halima.

Nilimwendea nikamwambia. Alikuwa bado amekaa kwenye mkeka. Alianza kulia, kwanza kidogo, halafu bila kujizuia, na mimi sikuwa na leso. Nilimpa kitambaa changu cha kusafishia mitutu, nikiamini ni kile kisafi. Akajifuta uso wote, vizuri kabisa, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Hapo hapo wakaita timu zipigwe picha. Inspekta Chelimo alimwona. Mwamuzi alimwona. Wenzake wote wa timu walimwona. Hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikumwambia, kwa sababu alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu Idi na sikutaka kumkatiza.

Picha ndiyo ile iliyo ukutani juu ya vaisi kubwa, ile ya kubania vyuma. Wageni watawauliza kwa nini huyo mrefu wa katikati, anayecheka na meno yote, ana uso mweusi wa masizi. Waambieni. Na msiiondoe mnapopaka rangi.